Safu Isiyo na Jina

Gazeti la Jumatatu lilikuwa na safu tatu:
mara alizosimama, mipira aliyoipiga, wastani.
Kwa hesabu hiyo Delmer Stanage alikuwa wa tisa
katika timu ya watu kumi na wawili,
na mchapaji alikosea hata jina, akaandika Standish.

Mimi niliketi nyuma ya wavu, daftari la klabu magotini,
kwa kuwa mwaka ule wa thelathini na nane
msichana wa simu wa kampuni ndiye pekee
mwenye mwandiko unaosomeka Harlow Creek nzima.

Siku za kazi Delmer alisimama mlangoni mwa mgodi.
Wachimbaji walimlipa wenyewe awalindie mizani:
kila toroli la makaa lipitapo,
aseme hapana, hilo ni tani moja na nusu, pima tena.
Jicho lake lilizoea kuibiwa.
Jumapili alilileta uwanjani.

Mpira unakuja. Yeye katulia tuli, gongo begani.
Unapita upana wa ukucha nje ya sahani,
na gongo halitikisiki.
Wa pili. Wa tatu. Mrushaji anafuta jasho kwa kofia.
Wa nne, na Delmer analilaza gongo majanini
kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia,
anakwenda zake kituo cha kwanza, kwa miguu.

"Piga, wewe! Unalipwa kwa kutembea?"
Huyo alikuwa baba yangu.
Walimwita Tarishi. Walimwita Mzigo wa Begani.
Ng'ambo ya mto Buck Rademaker alikuwa akivunja
vioo vya kanisa la Wamethodisti
kwa mipira iliyoruka uzio, kumi na tisa kiangazi kile,
na watoto wakaokota vigae, wakavitia mfukoni kama sarafu.
Nani angemwona mtu anayetembea?

Nitasema kweli: hata mimi sikumwona.
Nilianza kuchora vistari vya penseli pambizoni
kwa uchovu tu, mwezi wa Juni.
Kila akitembea, kimoja.

Fainali. Mzunguko wa tisa, tumelingana,
mmoja ametolewa, vituo vyote vimejaa.
Mipira mitatu mibaya, miwili mizuri.
Mrushaji akarusha ule ambao kila mwanamume pale
angeufuata kwa roho yake yote,
unang'aa, kisha mwishoni unashuka
kama ngazi iliyokatika.
Delmer akautazama ukipita.
Mwamuzi akanyamaza. Akazidi kunyamaza.
Halafu akanyoosha kidole kuelekea kituo cha kwanza,
na mtu wetu wa kituo cha tatu akatembea hadi nyumbani,
tukawa mabingwa
kimya kimya, kama watu waliorudishiwa chenji pungufu.
Medali alipewa Rademaker.

Usiku ule nikahesabu vistari. Tisini.
Nikajumlisha na mipira arobaini na tisa aliyoipiga.
Mia moja thelathini na tisa,
katika mara mia mbili na sabini.
Nikarudia, nikidhani taa imenidanganya.
Zaidi ya nusu ya mara zote alizosimama pale
walishindwa kumtoa.
Rademaker, kwa daftari la kwao, tisini na nane.

Asubuhi nikampelekea karatasi kule mizanini,
mikono yangu ikitetemeka, sijui kwa nini.
Akapitisha kidole cheusi juu ya vistari, polepole,
akasimama kwenye kimoja.
"Huu wa Julai ulikuwa halali, Verna.
Mwamuzi alinihurumia tu. Ufute."

Nikafuta.
Themanini na tisa.