Kuhesabu Ndege Timboni

Saa kumi na mbili kasorobo, Mtopanga,
umande bado umekalia mabati.
Nyevu atugawia daftari na penseli;
si kalamu, asema, kalamu hulia ikilowa.
Tuko sita. Wa saba ni babangu,
aliyekuja kwa kuwa hakuambiwa asije,
kavaa viatu vya kazi vya mwaka ule alioachishwa,
na swali moja tu mfukoni:
"Kuhesabu ndege huku, mwalipwa ngapi?"

Hatulipwi, Baba.

"Basi hesabuni polepole."

Njia yazunguka ukingo wa shimo.
Upande wetu mivinje, na chini yake sindano kavu
zinazomeza nyayo. Upande wa pili
ukuta wa tumbawe, mweupe, wima,
kama gego lililokatika.
Katikati, ziwa.
Watoto wa mtaani husema halina mwisho.
Lina mwisho. Babangu aujua,
aliuchimba.

Yangeyange kumi na wanne. Andika.
Kwarara wawili, wagomvi, kama mtu na wifiye.
Minana hawahesabiki; Nyevu asema kadirieni,
nami nakadiria themanini
kama ninavyokadiria chumvi.
Kitwitwi mmoja kando ya maji
atikisa mkia kama aliyesahau alilojia.
Kunguru hatuwaandiki. Wamekwisha kujiandika wenyewe
kila paa, kila jaa, tangu Kongowea hadi hapa.

Kichakani sauti: maji yamiminwa kutoka chupa
yenye shingo nyembamba.
"Dudumizi," asema Nyevu.
"Kwetu tipitipi," asema Mwanasiti.
Wabishana mpaka ndege mwenyewe anyamaza.
Babangu hakugeuka.
Baruti ilimla masikio yote mawili,
moja kidogo kidogo, la pili kwa siku moja.
Ndege kwake ni kitu cha macho.

Ndiyo maana alimwona yeye kwanza.
Mkono wake ulipaa bila neno:
mdiria!
Buluu iliyorushwa na mtu tusiyemwona,
ikapasua hewa, ikagonga ukuta,
ikaingia ndani ya jiwe.

Tukainua darubini, tukatafuta.
Tundu. Duara kamili. Na jingine. Na jingine,
yamepangwa mstari, shibiri nne nne.
Ndege gani huchimba kwa rula?

"Si ndege," akasema babangu, kwa sauti ya juu
ya mtu asiyejisikia.
"Mimi. Mimi na Chengo.
Tuliyatoboa Ijumaa, baruti ije Jumatatu.
Jumatatu, maji yakatangulia."

Hakuna aliyejua aandike nini.
Nyevu aliandika: mdiria, 1, ana kiota.
Kisha akachora tundu pembeni, dogo,
akalitia giza kwa penseli
mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Saa sita jua lilitusukuma chini ya mvinje mmoja
usio na kivuli cha kutosha mbuzi.
Tukafungua gazeti la viazi karai,
ukwaju umevuja hadi kwenye habari za uchaguzi.
Baba akanyosha kiazi kuelekea katikati ya ziwa.

"Pale," akasema. "Pale ndipo nilipokuwa nikila.
Yalianza kama jasho, kwenye ufa mdogo. Tukacheka.
Jioni yalikuwa magotini.
Nimekiacha kikombe changu pale, cha bati,
kina mshikio wa waya, nilioutia mwenyewe."

Pale palikuwa na mnandi.
Akatazama kushoto, kulia, kama mwizi mstaarabu,
akazama.
Sote sita tuliacha kutafuna. Saba.
Tulihesabu bila daftari:
ishirini, ishirini na tano, thelathini na moja,
akazuka mbali, shingo ndefu, mdomo mtupu,
akapanda gogo, akatandaza mbawa
azianike.

"Hajakiona," akasema babangu,
akala kiazi changu.