Simama kwa Uzito Wote

Kidole changu kidogo cha kulia
kimelala chini ya mwenziwe mwaka wa kumi na moja sasa,
kama mtoto aliyebanwa ukutani na ndugu zake.
Ndiyo kodi ya ukarani:
viatu vyeusi, ncha kali, kisigino,
kutoka Oli hadi mahakamani asubuhi,
kutoka mahakamani hadi Oli jioni,
na katikati ngazi, na mafaili ya kesi za mipaka.

Ayikoru, dada yangu, alinionyesha kwenye simu
viatu vya ng'ambo, soli nyembamba kama ganda la kitunguu.
Laki nne na nusu, usafirishaji mbali.
"Vina nini?"
"Unajisikia kama uko peku."
Nilicheka hadi muuza dagaa akageuka.
Peku nilikwenda bure
mpaka darasa la tano.

Lakini kidole kiliuma usiku ule.

Jumamosi nikainama kwenye mitumba ya soko la Arua.
Nilikunja kila kiatu: kikilainika kama chapati, nakishika;
kikigoma kama ubao, kirudi rundoni.
Nilikisokota kama nguo ya kukamuliwa.
Nilikilaza kwenye meza, nikachungulia kwa jicho moja,
kisigino kisijione bwana mbele ya vidole.
Kisha nikatoa kitambaa cha ndani, nikakikanyaga:
vidole vikimwagika pembeni, si changu,
hata kama ni elfu tano.
Saa mbili nzima.
Jozi moja tu ilifaulu yote.
Ilikuwa ya mtoto.

Anguzu anashona nyuma ya maduka ya misumari.
Hakuuliza namba. Alilaza boksi la sabuni chini,
akasema, "Panda. Simama kwa uzito wote, usijipunguze."
Kalamu ikanizunguka, ikanitekenya unyayoni.
Niliposhuka akakiweka kiatu changu juu ya mchoro.
Mguu ukabaki nje huku na huku,
ugali uliofunikwa kwa kisahani.
"Aliyeshona hiki," akasema, "alipima samaki."

Akagusa tairi. Nikakataa, nene mno,
nataka kuisikia njia.
Akanitazama kwa muda.
"Watu hunilipa wasiisikie."
Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande
cha mkanda wa mashine ya kusaga mahindi,
mwembamba, bado una vumbi jeupe.
Juu turubai nyeusi, mbele mviringo,
hakimu asitambue kitu.
Akasema elfu thelathini na tano, nikasema ishirini,
tukakutana ishirini na saba, kamba zake juu yake.

Sidanganyi: wiki ya kwanza mashavu ya miguu yaliwaka moto.
Changarawe za Oli zilinisomea mashtaka, moja baada ya moja.
Nilijifunza kutua taratibu, hatua fupi,
kama anayeingia chumba chenye mgonjwa.
Nikagundua lami ya mbele ya benki ina joto hata saa moja usiku,
na ngazi ya nne ya mahakama imelika upande wa kushoto.
Miaka kumi na moja, na hatukuwa tumejuana.

Mama akaja kutoka Vurra. Akaviona mlangoni.
Akakiinua kimoja, akakikunja kwa vidole viwili.
"Niliuza kwete muhula mzima," akasema,
"ili mguu wako usiguse chini."
Nikatafuta jibu, nikapata chai, nikamimina.

Alfajiri nilimkuta sebuleni na lile boksi la sabuni,
amesimama juu ya mchoro wangu, kanga kaishika magotini.
Kisigino kilikaa sawasawa.
Mbele, vidole vyake vilivuka mstari vyote,
vimetawanyika, kila kimoja na uwanja wake,
hakuna aliyemlalia mwenziwe.

Hakugeuka.
"Huyo Anguzu," akauliza,
"Jumapili anafungua?"