Nikisema, Simama

Watu kumi na wanne ndani ya jipu langu,
na kimya kuliko Ijumaa Kuu.
Kwenye kioo nikaona vidole vikigombana, vikicheka,
vikikatizana kauli kama wachuuzi wa samaki.
Kimya? Masikio yangu tu ndiyo yaliyokuwa matupu.

Miaka tisa nimezungusha wageni humu Camiguin,
mkono mmoja usukani, wa pili maikrofoni,
na vichekesho vyangu vitatu, kimoja cha mama mkwe.
Leo maikrofoni inaning'inia kwa waya wake
kama samaki mkavu.

Rosvilla, kiongozi wao, kiziwi tangu surua ya utotoni,
alinipa sharti kwenye kipande cha katoni:
NIKISEMA, SIMAMA.
Simama. Simama tena. Hapo hapo, penye kona.
Nikanung'unika, tutafika lini?
Mpaka Hibok-Hibok ilipovua wingu lake
ndipo nikaelewa: huwezi kutazama mlima
na kutazama neno, kwa jicho lile lile.
Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema.
Hawa huambiwa. Tazama huku kwanza, kwenye mikono;
kisha anaishusha, anajitoa njiani,
haya, sasa kule.
Nami mpayukaji, miaka tisa,
sijamwachia mgeni mlima wake hata dakika.

Penye maporomoko nilipiga kelele, mawe yanateleza!
Maji yakaimeza sauti yangu nzima nzima.
Wao, ukungu kwenye kope, waliendelea:
Mzee Aurélien wa Marseille, shati la maua,
akimweleza Hye-rim wa Busan alivyoachwa na treni,
lugha mbili za mikono zisizo ndugu
zikitafutana, zikikosana,
zikikutana kwenye kicheko.

Na kule makaburini, yaliyozamishwa na volkano
enzi za babu wa babu, tulivaa miwani tukapiga mbizi.
Chini kule asiye na neno nilikuwa mimi.
Mapovu tu.
Rosvilla akasimulia kijiji kizima juu ya matumbawe,
mikono ikipasua maji polepole:
kanisa, kuku, watu wakikimbia, kengele.
Kengele ilikuwa ngumi inayoyumba.
Niliiona ikilia.

Usiku umeme ukakatika katikati ya chakula.
Katikati ya sentensi.
Ndipo nikasikia kimya chenyewe:
vijiko vikitua, kiganja kikitafuta kiganja
kiandike humo herufi.
Nikamkumbuka kaka yangu Isko.
Tulizima kibatari mapema, kuokoa mafuta,
tukabaki tunapiga soga gizani,
yeye kitandani, uso umeelekea tulipokuwa.
Tungesema hatukujua.
Tulijua.

Nikatoka nikageuza jipu, nikaliingiza hadi kwenye migomba,
nikawasha taa zote mbili, kali.
Vivuli vya mikono vikapanda ukuta hadi darini.
Mzee Aurélien akaendelea pale pale alipokatizwa,
mdomo bado umejaa wali.

Asubuhi, kwenye chai, wakanipa jina.
Viziwi hawakuiti ulivyobatizwa.
Vidole vinne vikifumba na kufumbua juu ya gumba,
mdomo wa bata, mbele ya kioo cha hewa:
anayeongea peke yake.
Kumbe waliniona tangu kona ya kwanza.

Betri ilikuwa imekufa, bila shaka.
Wakashuka kusukuma, wote, hata mzee.
Nikajiandaa kuwahesabia kwa sauti, nikajikuta mjinga.
Nyuma yangu Rosvilla akainua mkono juu ya vichwa.
Kidole kimoja.
Viwili.
Nikakaza macho kwenye kioo
nikingoja cha tatu.