Mahali Peupe

Karatasi hii, kabla haijaitwa karatasi,
ilikuwa mgomba wa shamba la Hidabu,
ilikuwa magunia mawili ya unga yaliyochanika,
na, nisikufiche, kinyesi cha punda wa Bwana Shekuwe
kilichochemshwa siku tatu kwa moto wa vifuu
mpaka kikasahau kilikotoka.

Dada yangu Somoe huzamisha chekeche majini,
hulitikisa kama apetaye mchele wa harusi,
huliinua: ukurasa umekaa pale, mbichi, unatetemeka.
Twauanika ukutani, kivulini,
maana jua kali huukunja kama sikio la mbuzi.

Kisha mimi napiga chapa.
Ramani ni ya mji huu huu, ya zamani,
nakala ya nakala, mchoraji hakutia jina.
Alihesabu misikiti. Visima akavitia duara.
Wikio la Pangahari alilichora kwa nyuzi mbili,
na madaka ya Mkomani, hata mabaraza yake ya mawe.
Alipoipita Langoni akielekea kusini
wino ukamchoka.
Pakawa peupe.

Hapo ndipo alipozaliwa nyanya yetu.
Udongo na makuti, kitanda cha kamba, kuku watatu.
Mpimaji huenda alipita, akaomba maji,
akapewa kata ya wazee wetu, akanywa, akashukuru,
akaandika: hakuna.

Mteja mmoja alilalamika
kichochoro cha Bajuri kimekatika, apunguziwe.
Nikamwambia si kosa la chapa,
ni uzi wa mgomba umenyanyuka, umekataa wino.
Hata kwa miguu, bwana, kichochoro kile hukatika:
ufuate ukuta, utajikuta jikoni mwa watu.
Akanunua bangili.

Siku za mvua karatasi hunywa hewa.
Nilipima kwa rula toka Ngome hadi ukingo wa chini,
mji ulikuwa umeongezeka unywele mmoja
na hakuna aliyejenga.

Tulimpelekea nyanya nakala.
Hakuuliza kaskazini ni wapi.
Alipitisha kidole gumba juu ya misikiti, juu ya visima,
haraka, kama apanguzaye vumbi,
akafika pale peupe, akasimama.
Akakwaruza kwa ukucha.
"Hapa pana kitu," akasema,
akatoa kijiti chembamba cha kahawia,
akakinusa, akakiweka ulimini.
"Kuti."

Nikamtazama Somoe. Kwenye chungu chetu
hatujawahi kutia makuti.
Somoe alikuwa akihesabu vifungo vya kanzu yangu.

Sijamuuliza mpaka leo
kwa nini kila ukurasa hukwaruza pembe ile ile,
wala kwa nini hanipi hata mmoja
kabla hajauandika nyuma kwa penseli, herufi ndogo:
*juu ni huku.*