Mlango wa Mbele

Kibaigwa, saa tano usiku. Malori yamelala
kando ya barabara kuu, maturubai yamekazwa.
Ofisini tumebaki wawili, mimi na seva,
na feni yake inayokohoa vumbi jekundu.
Mhasibu Ndahani aliondoka na agizo moja:
"Kesho saa moja wakulima waone bei kwa simu.
Ila mtu asiniingilie kwenye vitabu."

Basi naweka bawabu.
Wageni wote wapitie 443, mlango mmoja;
nyuma yake bei zikae 3000,
mizani 8080, na vitabu vya Ndahani
chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha.
Bawabu atasikiliza, ataingia, atatoka na jibu,
na aliyeuliza hatajua limetoka chumba gani.

Naandika. Najaribu. Inakataa:
mstari wa kumi na saba, nukta-mkato haipo.
Kadoa kadogo hivyo, na soko zima limefungwa.
Naiweka, nawasha upya. Sasa yaja 502:
mlango upo, bawabu yupo,
huko nyuma hakuna anayeitika.

Hiyo naijua.

Kwetu Mlali, mwaka wa njaa, baba alilala
chumba cha ndani cha tembe, miguu imevimba.
Mama Sechelela akakaa kizingitini na ungo wa uwele.
Wakaja wadai: wa mbuzi, wa mbegu, wa michango ya kanisa.
"Ngoja nikamuulize," anasema, anajifuta mikono,
anaingia. Anatoka: "Amesema baada ya mavuno."
Baba hakuonwa na mtu.
Wala hakuna aliyejua kauli ni ya nani.

Siku moja aliingia akakawia.
Mwenye mbuzi akakohoa mara tatu.
Mama akatoka, akauchukua ungo, akapepeta,
akapepeta ungo usio na kitu.
"Ngoja," akasema. "Nitamuuliza tena."

Ya huku ina dawa. Programu ya bei
ilikuwa haijawashwa, basi. Naiwasha.
Simu yangu inafunguka: mahindi, mtama, alizeti,
bei ya jana, kufuli dogo pembeni.

Kabla sijazima taa narudi kwenye faili,
naongeza muda wa bawabu kungoja:
zilikuwa sekunde sitini, naandika mia na ishirini.
Ndahani akiuliza, nitamwambia
mtandao wa Mlali huenda taratibu.