Nakala ya Nakala

Ijumaa, baada ya swala, ofisi imetulia.
Bi Zaituna kaniachia ufunguo na neno moja: "Panga."
Ghorofa ya pili, Shimanzi, feni inakwaruza,
na kwenye kioo cha kompyuta kazi sitini na tatu
zimerundikana kama viatu mlangoni pa msiba.

Hizi ndizo zinazotuhudumia tukiwa tumelala.
Moja hupokea barua pepe ya wakala wa meli,
huchomoa namba ya kontena kama mtu achomoavyo mwiba,
huikabidhi ya pili. Ya pili huandika ankara.
Ya tatu humkumbusha mdaiwa, kwa adabu, mara tatu.
Ya nne humkumbusha bila adabu.
Sisi tunakuta asubuhi kazi imekwisha,
tunasema alhamdulillahi, tunachemsha chai.

Lakini majina yake!
"Ankara." "Ankara mpya." "Ankara mpya kabisa."
"Nakala ya nakala, USIGUSE."
"Jaribio la Badi." "Hii ndiyo yenyewe."
Haikuwa yenyewe.
Mwezi wa Shaabani mteja wa Voi alipata ankara ile ile
mara kumi na moja kwa siku moja, akapiga simu:
"Mnanidai au mnanitongoza?"

Mali bila daftari huisha bila habari, sawa.
Na daftari bila kabati, je?

Nikaanza. Folda ya kwanza: Forodha.
Nikavuta humo kila chenye harufu ya ushuru.
Ya pili: Madeni. Ndani yake folda mbili,
Wanaolipa, na Wanaoahidi.
Ya tatu nikaiita Malori, nikafuta, nikaandika Barabarani,
maana kutoka Kilindini hadi Malaba si lori tu,
kuna mizani, kuna mihuri,
kuna dereva Tsuma anayezima simu kila afikapo Mtito Andei.
Folda ya Mengineyo nilikataa.
Naijua Mengineyo. Kwetu Kuze ilikuwa uvunguni mwa kitanda cha mama:
mwavuli uliovunjika, vyeti vya kuzaliwa, sumu ya panya,
mfuko mmoja.

Saa kumi na moja ikabaki moja.
Haina jina. Aliiunda Badi kabla hajahamia Maskati.
Nikaifungua:
kila siku, saa mbili na dakika kumi usiku,
tuma kwa namba hii,
"Mzee Chengo, meza dawa ya sukari.
Usiniambie umemeza kama hujameza."

Mzee Chengo alikuwa bawabu wetu wa usiku.
Tulimzika Rabai, mwaka juzi, mvua za vuli.

Kumbukumbu za mashine ni neno moja linalojirudia.
Imefaulu. Imefaulu. Imefaulu.
Nikateremka hadi usiku ule wa matanga.
Imefaulu.

Chini yake kuna majibu ambayo hakuna aliyeyasoma.
Namba imepata mwenyewe mwingine.
Rajabu: "Umekosea namba."
Rajabu tena: "Umekosea namba, lakini umenikumbusha."
Kisha kimya, miezi.
Kisha jana:
"Leo umechelewa dakika nne. U mzima?"

Bi Zaituna angesema futa, na angekuwa na haki,
kila ujumbe una senti zake.
Nikaweka kishale juu ya Futa.
Nikakitoa.
Si Forodha hii. Si Barabarani.
Madeni, labda. Hapo nikakaa sana,
sijui kama ni Wanaolipa au Wanaoahidi,
wala ni nani anayemdai nani.

Stima ikakatika. Feni ikajizungusha mara mbili za mwisho,
kioo kikazimika kabla sijaamua.
Lakini kazi zenyewe hazikai humu,
zinakaa mbali, kwenye mashine za watu wasiojua Shimanzi ni nini.

Saa mbili na dakika tisa, jikoni,
kitunguu nusu kimekatwa,
nikaweka kisu chini
nikaitazama saa ya ukutani.