Duara la Ndoo

Usianze na msasa.
Hilo nilifundishwa kwa kofi, nikiwa na miaka kumi na minne,
na hadi leo shavu hunikumbusha
kila nipigapo goti juu ya mbao za mtu.

Nyumba iko Shanty Town, Moshi, ya zamani,
bati limepauka, mlango wa mbele unalalamika,
lakini sakafu! Mkulo mtupu, ukuta hadi ukuta,
na ukiinama karibu bado unanukia kafuri.
Mama Ndekirwa alinipokea na chai
na orodha ya madoa, nyuma ya ankara ya maji.

Tukaanza na nta ya mshumaa, ya siku za mgao.
Barafu ndani ya mfuko wa nailoni, dakika tano,
kisha nikaibandua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.
Kisu? Kisu ni cha nyama.
Karibu na kabati, utomvu wa ndizi, mweusi tii:
hapo wasichana wa kazi walimenya, miaka nenda miaka rudi,
wakipiga soga, maganda mapajani.
Tone la mafuta ya kula, subira, kitambaa laini
kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kuzikata.
Nusu ilitoka. Nusu iliyobaki nilimwambia ukweli wake.

Alama nyeupe ya kikombe haikuwa imefika kwenye mbao,
ilikuwa imelala ndani ya vanishi kama ukungu kwenye kioo.
Pasi ya uvuguvugu juu ya shuka lililokunjwa,
gusa, inua, gusa, inua,
ikayeyuka. Mama akacheka:
"Kumbe pasi inamfaa hata asiyekwenda kanisani."

Kisha akanipeleka chumba cha nyuma.
Kando ya mashimo manne ya miguu ya kitanda
palikuwa na duara jeusi, upana wa ndoo ya bati iliyoota kutu.
Nikalowesha kidole, nikapapasa. Limezama.
Chuma na maji na mti vilishaoana humo.
Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote:
vanishi ni ngozi, mama, na hili ni jambo la mfupa.
Kulifikia, lazima nichane ngozi.
Nikaongeza, kwa upole wa mtu anayetaka kwenda nyumbani,
"Liache. Ni kumbukumbu ya mzee."

Akaniangalia.
Nje manyunyu ya Julai yalikuwa yanagonga migomba.
"Hiyo ndoo," akasema, "niliimwaga mimi.
Asubuhi, mchana, saa nane usiku.
Miaka miwili na miezi mitatu.
Anaeli ninaye kwenye picha, amevaa tai.
Hili litoe."

Sikuwa na methali ya kujibu.

Nikashuka Kiusa kununua ule unga mweupe wa mafundi,
nikaujaribu kwanza nyuma ya mlango, pasipoonekana,
nikavaa glavu, nikafungua madirisha.
Nikakwangua vanishi ndani ya duara tu,
kwa ukingo wa kipande cha kioo, pumzi nimeibana,
nikapaka dawa kwa brashi ya mtoto ya kuchorea.
Nyeusi ikawa kahawia. Kahawia ikawa chai ya maziwa.
Nikasuuza mara tatu, nikafuta, nikasubiri siku nne,
maana Moshi ya Julai haikaushi kitu upesi.

Vanishi mpya haikulingana na ya zamani. Hailingani kamwe.
Sasa pana mwezi uliofifia pale kitanda kilipokuwa,
na mwanga ukiingia kwa ubavu utauona tangu mlangoni.
Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayo tayari,
nimeyapanga njia nzima.

Mama Ndekirwa alivua kandambili,
akasimama katikati ya mwezi ule, miguu yote miwili,
ndipo akauliza kama panaruhusiwa kukanyagwa.
"Kesho," nikasema.
Hakusogea.